Steringi anapokufa katikati ya picha

Steringi, yule shujaa wa picha, hafi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, tuliijua sheria hiyo mapema kuliko hesabu za kugawanya. Adui anaweza kumpiga, kumfunga kamba, hata kumtupa mtoni, lakini picha haiishi mpaka steringi asimame na adui alale, na mtafsiri aliyeshika maiki pembeni ya televisheni atatueleza kwa Kiswahili kwa nini ilibidi iwe hivyo. Nilivipenda vibanda vile na bado navipenda. Ila vinamlea mtazamaji kwa namna yake, na malezi hayo hugonga ukuta siku unapowawekea watu waliozoea hivyo filamu ya taharuki ya Kijapani au ya maisha kutoka Iran, na wewe ndiye mwenyeji.

Nimekuwa mwenyeji huyo kwa miaka kadhaa sasa, Morogoro, sebuleni kwa shangazi yangu. Hatuuzi tiketi wala hatubandiki tangazo. Ni watu wa nyumbani na majirani: mzee mmoja aliyeendesha malori ya masafa marefu tangu ujana wake, fundi cherehani wa nyumba ya pili, vijana wawili wa chuo, mama mwenye genge la mboga pale kona, na shangazi mwenyewe. Naandika kwa ajili ya yule anayetaka kuanzisha kitu kama hiki kwake, maana yapo mambo yanayokula fedha na moyo ambayo sijakuta yameandikwa kwa Kiswahili.

Fedha kwanza. Projekta ya kukodi huonekana nafuu mpaka umeme ukatike katikati ya filamu na mwenye projekta atake hela yake vilevile. Tulichanga tukanunua televisheni ya mtumba yenye kioo kikubwa na spika mbili za pembeni, gharama ikabaki ya umeme wa LUKU na chai. Kama fedha haitoshi vyote viwili, punguza kioo, ongeza spika. Filamu nyingi nitakazozitaja hapa zinategemea sauti ndogondogo: hatua nyuma ya mlango, ukimya wa mtu aliye upande wa pili wa simu, injini inayobadilisha mngurumo. Spika ya televisheni yenyewe inazimeza zote.

Halafu kuna diski. Binamu yangu aliyeko London alinitafutia DVD halali, nikazilipia kwa fedha iliyoniuma, zikafika salama na mashine yetu ikazikataa. DVD huwekewa namba za kanda: za Uingereza ni kanda ya 2, wakati sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwemo, imewekwa kanda ya 5. Mashine iliyofungiwa kanda moja haichezi diski ya kanda nyingine. Nunua mashine isiyobagua kanda, na uijaribu dukani kwa diski yako mwenyewe kabla hujatoa hela. Kwa Blu-ray mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu Ulaya na Afrika ziko pamoja kwenye kanda B. Mtu wako aliyeko nje asinunue chochote kabla hajasoma alama iliyo nyuma ya boksi.

Filamu ya kwanza niliyowawekea ilikuwa Le Salaire de la peur ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot, ya mwaka 1953, ambayo utaikuta pia kwa jina la The Wages of Fear. Niliichagua kwa ajili ya mzee wetu wa malori. Kijiji kimoja cha Amerika Kusini kimejaa wageni waliokwama, hawana kazi wala nauli ya kuondokea. Kisima cha mafuta cha kampuni ya Kimarekani kinashika moto mbali na hapo, mwendo wa kama kilomita 500. Kuuzima kunahitaji nitroglaserini, kilipuzi cha majimaji, na nitroglaserini haivumilii kutikiswa. Kampuni inatafuta madereva wanne wa malori mawili, na atakayefika atapewa dola 2,000.

Malori hayaondoki mpaka karibu saa nzima ipite. Katika saa hiyo tunaona watu wakilala kivulini, wakigombana kwa jambo dogo, wakimnyenyekea mwenye baa. Vijana wa chuo walitoa simu. Mama wa genge aliuliza kama picha imeanza. Mzee peke yake alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini. Baadaye alituambia kwamba ile ndiyo sehemu aliyoielewa kuliko zote: madereva wanaosubiri mzigo, na jinsi kusubiri kunavyomshusha mtu thamani mpaka akubali safari ambayo mwanzo wa mwezi angeikataa.

Kisha malori yakaingia barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati. Kabla filamu haijaeleza lolote, mzee alisema, "Hapo hakuna katikati. Ama utambae, ama ukanyage mafuta uruke juu yake." Dakika chache mbele ikawa hivyo hivyo. Mzee alianza kazi akiwa utingo kwenye barabara ya Zambia miaka ile ya 1960. Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo, ilikuwa imejitangazia uhuru Novemba 1965, njia za kusini za kuipelekea Zambia mafuta zikafungwa, na mafuta yakawa yanatoka Dar es Salaam kwa malori mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Alipita mlima wa Kitonga na mapipa ya petroli kabla ya lami. Jioni ile hakuna aliyeshika simu tena.

Kuna tukio katika filamu hiyo ambalo mpaka leo nalitumia kumweleza mtu taharuki ni nini. Dereva mmoja yuko kwenye lori la nyuma, mwenzake pembeni anasokota sigara. Ghafla tumbaku inapeperuka yote kutoka kwenye karatasi. Mwanga unawaka usoni. Lori la mbele halipo tena duniani, na sisi hatukuliona likilipuka. Clouzot ametuonyesha upepo tu, na watu wawili wakielewa kilichotokea. Lingekuwa jambo jepesi kuonyesha moto mkubwa. Ametunyima moto, akatupa nyuso zao.

Hapo ndipo tulipopata swali letu, ambalo limetufaa kuliko nadharia yoyote: saa hii, nani anajua nini? Alfred Hitchcock, bingwa wa filamu za taharuki, aliliweka vizuri katika mazungumzo yake na mwongozaji Mfaransa François Truffaut mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wanapiga soga, bomu linalipuka bila taarifa: mtazamaji anashtuka kwa sekunde 15. Lakini mwonyeshe kwanza bomu lililo chini ya meza, mwambie litalipuka saa saba, na saa ya ukutani inasoma saa saba kasorobo. Soga ileile ya kijinga inageuka dakika 15 za mateso, na mtazamaji anatamani kuwapigia kelele waondoke. Mshtuko unatokana na kutojua. Taharuki inatokana na kujua kitu ambacho aliye kwenye kioo hakijui, na kutoweza kumfikia.

Ukilibeba swali hilo kwenda High and Low ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1963, unaona fundi akifanya kazi. Tajiri Gondo, bosi wa kampuni ya viatu, ameweka rehani kila alicho nacho ili anunue hisa za kuitawala kampuni. Simu inalia: tumemteka mwanao, tunataka yeni milioni 30. Anakubali kulipa. Kisha mwanawe anaingia mlangoni. Aliyetekwa ni mtoto wa dereva wake, kwa sababu watoto wale walikuwa wakicheza pamoja, na mtekaji anasema haidhuru, fedha ni ileile. Je, atafilisika kwa ajili ya mtoto wa mwajiriwa?

Kwa karibu saa nzima Kurosawa hatoki katika sebule ile iliyo juu ya kilima cha Yokohama. Watu wa kibandani watasema hakuna kinachotokea. Nilimwomba kila mmoja amfuatilie mhusika mmoja tu kwa macho, hata asipokuwa anazungumza. Mzee alijichagulia dereva. Alichokiona kimekaa nami muda mrefu: "Yule dereva hana pa kusimama katika nyumba ile." Ni kweli kabisa. Gondo anatembea, polisi wanapanga mitego, mke analia, na dereva anajibana ukingoni mwa picha, kichwa chini, mgongo umeinama, mpaka anapopiga magoti kumwombea mwanawe. Picha ile ni pana, na Kurosawa anautumia upana huo kutuonyesha umbali kati ya watu waliomo chumba kimoja. Mwandishi anaweza kujaza kurasa kuhusu matabaka ya Japani baada ya vita. Mzee aliyaona kwa kuangalia mtu amesimama wapi.

Na kuna mikoba. Fedha lazima zitupwe kupitia dirisha la treni linalofunguka sentimita 7 tu, kwa hiyo polisi wanaandaa mikoba myembamba na wanataka kuficha ndani yake dawa zitakazowasaidia kuifuatilia. Gondo, ambaye alianza maisha kwa kushona viatu, anaagiza sanduku lake la zamani la vifaa, anakaa chini sakafuni na kushona mwenyewe. Fundi wetu wa cherehani alisogea karibu na kioo kutazama mikono ile. Tajiri anapoteza utajiri wake, na mikono yake inakumbuka kazi. Hakuna anayelisema hilo kwa maneno, na filamu ingeharibika kama angelisema.

Hili linanirudisha kwa watafsiri wa vibandani. Lufufu na waliofuata nyayo zake hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya, na wale wa Kampala wanaojiita ma-VJ, wamefanya kazi kubwa. Wameziweka filamu za ngumi na za Kihindi katika lugha ya watu ambao hakuna aliyewajali. Lakini sanaa yao ni ya kujaza. Ukimya ukitokea, mtafsiri anauziba kwa mzaha, kwa jina la mtaa, kwa maelezo ya kile kitakachofuata. Weka sauti hiyo juu ya Kurosawa na umemfuta dereva aliye pembeni, maana watu watatazama kule sauti inakowapeleka. Sebuleni kwetu hata watu wenyewe walikuwa wakiniomba niwachangamshie kama kibandani. Nilikataa, na ilibidi nilete njia nyingine, kwa sababu maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya kioo hayamfai shangazi wala mama wa genge.

Njia tuliyokuja kuipata ina kazi kubwa, lakini inafanya kazi. Kwa filamu iliyo kwenye kompyuta, maandishi huweza kukaa kwenye faili dogo ambalo jina lake linaishia na srt, na unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kawaida ya kuandikia. Ndani utakuta namba, muda wa kuanza na kuisha, kisha maneno. Usiguse muda, badilisha maneno tu yawe ya Kiswahili, na ulihifadhi kwa jina lilelile la filamu, kwenye folda moja. Filamu yenye mazungumzo mengi ina mistari zaidi ya elfu moja, kwa hiyo jipe wiki, usijipe usiku mmoja. Fupisha bila huruma, kwa sababu Kiswahili hurefuka na macho ya wazee hayakimbii. Na kwa wasiosoma haraka, mtu mmoja anakaa nyuma akisoma mistari ile kwa sauti ya chini, bila kuigiza, bila kuongeza neno lake, akinyamaza pale filamu inaponyamaza. Televisheni za Poland zimezoea hivyo kwa miaka mingi: msomaji mmoja kwa wahusika wote. Siku mbili za kwanza watu wanalalamika kwamba msomaji amepoa. Baadaye wanamsahau, na hapo ujue amefaulu.

Kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kuitafsiri hivyo ni A Separation ya Asghar Farhadi, ya mwaka 2011, iliyochukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, na mwaka uliofuata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Asiyeitazama na anayetaka kuitazama aruke aya chache zijazo, kwa sababu siwezi kuisifu bila kuifungua.

Mtu akikusimulia, ni filamu ya maisha tu: mke anataka waondoke Iran, mume hawezi kumwacha baba yake mwenye ugonjwa wa kusahau, wanatengana, mume anaajiri mwanamke maskini wa kumhudumia mzee. Hakuna bunduki. Lakini ni taharuki kuliko filamu nyingi zenye bunduki. Mwanzo kabisa mume na mke wamekaa wakitutazama sisi machoni, wakijitetea. Hakimu hatumwoni, tunamsikia tu. Kamera imekaa kwenye kiti chake, kwa hiyo aliyekaa hapo ni mimi na wewe, na tutabaki hapo mpaka mwisho.

Razieh, yule mfanyakazi, ana mimba na anaificha chini ya baibui. Siku ya kwanza mzee anajikojolea, na Razieh anapiga simu kwa mtaalamu wa dini kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo mwanamume asiye maharimu wake. Siku nyingine mwenye nyumba, Nader, anarudi na kumkuta baba yake sakafuni, mkono umefungwa kitandani, mfanyakazi hayupo, na fedha zimepungua. Razieh anaporudi, Nader anamwita mwizi na kumsukuma nje ya mlango. Mimba inaharibika. Kwa kuwa ilikuwa imevuka miezi minne, kesi inakuwa ya kuua. Kila kitu sasa kinategemea swali moja: Nader alijua kwamba ana mimba?

Nani anajua nini. Fedha zile hazikuibwa. Mke alizitoa mapema kwenye filamu kuwalipa wabeba piano, mbele ya macho yetu, na sebule nzima ilipitwa. Tulirudisha nyuma kuhakikisha. Na kuna tukio ambalo Farhadi amelikata kabisa: mzee ametoka nje, Razieh anakimbia kumfuata kwenye barabara yenye magari, na filamu inaruka. Hatukujua kwamba tumenyimwa kitu. Tunakuja kujua mwishoni kwamba aligongwa na gari siku ile, na kwamba yeye mwenyewe hana uhakika ni nini kilichoua mimba yake. Ujanja huu haufanani na wa mwongozaji anayeficha muuaji ili atushangaze. Farhadi ametufanya tutoe hukumu, kisha ametuonyesha kwamba tulihukumu bila ushahidi.

Kesi inaelekea kumalizwa kwa fedha ya fidia. Nader anakubali kulipa kwa sharti moja, Razieh aape kwa Msahafu kwamba Nader ndiye aliyeua mimba. Nimesoma wahakiki wa Ulaya na Marekani wanaolipita jambo hili kama kipengele cha sheria. Sebuleni kwetu halikupita. Mara tu Msahafu ulipotajwa, mama wa genge alishika kichwa na kusema, "Hawezi. Huyu dada hawezi kushika Msahafu kwa jambo asilo na hakika nalo, hata njaa imuue." Alijua mwisho wa tukio kabla ya Nader, kabla ya mume wa Razieh anayesubiri fedha na watu wanaomdai wamekaa chumba kileile. Bomu lilikuwa chini ya meza na yeye peke yake alikuwa amelisikia. Hapo ndipo nilipoamini kwamba uhakiki wa filamu za dunia si mali ya waliosomea mambo hayo Paris au New York. Mtazamaji wa Morogoro anayejua uzito wa kiapo anaiona Tehran kwa ukaribu ambao kitabu hakiwezi kumpa mtu.

Lakini jioni hiyohiyo ilituumiza. Mmoja wetu, ambaye sitasema ni nani, aliwahi kupoteza mimba, na hakuna aliyekuwa amemwambia filamu ina nini. Alitoka kwenda uani, shangazi akamfuata, na hawakurudi. Tangu hapo, kabla ya kila filamu, natamka wazi mambo mazito yaliyomo: kifo cha mtoto, ubakaji, mateso, chochote. Wapo wanaosema kufanya hivyo kunaua utamu. Hakuui, kwa sababu taharuki haitegemei kutojua kuwa jambo lipo. Na mtu aliyeamua mwenyewe kukaa anatazama kwa moyo ulio tayari. Filamu za aina hii zinagusa palepale panapouma, na mwenyeji asipolichukua jambo hilo kwa uzito asiwaite watu kwake.

Si kila filamu inahitaji kazi yote hii. El secreto de sus ojos ya Juan José Campanella, Argentina, 2009, iliingia bila kubisha hodi. Wapelelezi wana barua za mtuhumiwa zenye majina ya watu wasiojulikana, mpaka mpenzi mmoja wa mpira baani anayatambua: ni wachezaji wa Racing Club. Mtu anaweza kubadilisha sura, nyumba na hata dini, lakini timu yake hawezi. Kwa nchi ya Simba na Yanga jambo hilo halikuhitaji tafsiri. Kisha kamera inashuka kutoka angani hadi ndani ya uwanja wa Huracán na kumfukuza mtu kwa kama dakika tano bila mkato unaoonekana, na vijana wa chuo wakataka kujua imefanyikaje. Mwisho wake siutaji. Ni mwisho wa kutazamwa, na ni mzito.

Iliyozua ugomvi ni Memories of Murder ya Bong Joon-ho, ya mwaka 2003. Inatokana na mauaji ya kweli ya wanawake huko Hwaseong, Korea Kusini, kati ya 1986 na 1991. Wapelelezi wanawapiga wasio na hatia, wanapoteza ushahidi, wanachanganyikiwa, na muuaji hapatikani. Mwishoni mpelelezi, ambaye sasa ni mfanyabiashara, anarudi pale kwenye mfereji maiti ya kwanza ilipopatikana, mtoto mmoja anamwambia kuna mtu mwingine alikuja kupatazama, mtu wa kawaida tu, na uso wa mpelelezi unageuka kututazama. Fundi cherehani alikasirika sana: saa mbili na zaidi, na adui hajakamatwa! Niliwaacha waseme yote. Kisha nikawaeleza kwamba mwaka 2019 vinasaba vilimtambua Lee Choon-jae, aliyekuwa tayari gerezani kwa kumuua shemeji yake, na akakiri. Ila muda wa kumshtaki kwa mauaji yale ulikuwa umekwisha kisheria tangu 2006. Filamu ilipotoka alikuwa hai, hajulikani. Fundi aliomba tuurudie ule uso wa mwisho. Tuliutazama tena, kimya, na hakuwa na hasira na filamu tena, alikuwa na hasira na dunia, jambo ambalo nadhani Bong alilitaka. Usiwaambie watu habari ya 2019 kabla. Waache kwanza wabaki bila jibu, kama Wakorea walivyobaki.

Kuhusu kuandika. Naandika uhakiki mfupi wa kila filamu tunayotazama, na nimejiwekea utaratibu wa kuandika usiku uleule, kabla sijasoma maoni ya mtu yeyote. Naanza na kitu kimoja nilichokiona kwa macho, mkono, mlango, mahali mtu aliposimama, na ndipo nauliza kimewekwa hapo kwa nini. Ukianza na maneno makubwa kama jamii, utu na mfumo, utaandika aya ambayo ingeweza kuwa ya filamu yoyote. Muhtasari wa hadithi uwe sentensi tatu, usizidi. Kisha itazame filamu mara ya pili ukiwa peke yako, ukijua mwisho, na uangalie mwongozaji alikuwa akikuonyesha nini mapema huku akikupeleka macho kwingine. Bila kutazama mara ya pili nisingethubutu kuandika neno juu ya piano ya Farhadi.

Baada ya safari hiyo yote ndefu tuliweka Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ambayo vijana walikuwa wameiona zamani na kuiita picha ya majambazi. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa siku yake ya kwanza Nairobi, anaangukia kwenye kundi la wezi wa vipuri vya magari, na wakati huohuo anapata nafasi kwenye tamthilia jukwaani. Msomaji wetu alipumzika, ingawa vijana walilazimika kuwatafsiria wazee Sheng, lugha ya mitaa ya Nairobi. Safari hii mama wa genge ndiye aliyeuliza swali, bila mimi kulikumbusha: nani anajua nini? Tukalihesabu pamoja. Wenzake wa jukwaani hawajui habari za genge la wezi. Wezi hawaelewi mambo ya jukwaani. Kijijini wazazi hawajui hata kimoja. Mtu pekee anayejua yote ni Mwas, na sisi, na kila mlango unaofunguliwa katika filamu ile unaweza kuzikutanisha dunia hizo. Vijana walikiri kwamba hawakuwa wameiona filamu hiyo kabisa mara ya kwanza.

Kama ningeanza leo na watu wapya, ningeanzia hapo, kwenye lugha yao, na swali lile moja. Jioni ya pili ningewawekea malori ya Clouzot, na Farhadi ningemngoja mpaka wazoee kukaa na ukimya.